Udongo wa Kapolowe

Harufu ya gunia lililolowa maji hunirudisha Shituru, mtaa wa utoto wangu, hata nikiwa katikati ya shughuli nyingine. Si harufu nzuri. Ina uvundo kidogo, ina udongo, na nyumbani kwetu ilichanganyika na ukali wa moshi wa kiwanda cha shaba, ule uliotukereketa koo kila upepo ulipogeuka. Nyumba yetu ilikuwa ya safu za wafanyakazi wa kampuni, tuliyoachiwa na babu aliyetoka Kasai kuja kuchimba. Nyuma yake palikuwa na kibanda cha mabati, na humo baba alitengeneza watu. Sisemi sanamu, kwa sababu yeye mwenyewe hakupenda neno hilo. Alichukua nondo na waya, akafunga kitu kama mti mdogo uliokauka, akaubandika udongo konzi kwa konzi, na baada ya wiki kadhaa alikuwa amekaa pale mzee wa jirani, na ile midomo yake ya kununanuna.

Baba alisomea kazi hiyo Lubumbashi, kwenye chuo ambacho walimu waliwakalisha wanafunzi mwaka mzima mbele ya vichwa vya plasta vya Wagiriki wasio na mboni. Alirudi na bikari kubwa ya chuma ya kupimia, yenye mikono iliyopinda, timazi ya risasi, na msimamo mmoja uliotutia njaa: hakufanya mtu asiyekaa mbele yake. Majirani walichonga mawe ya kijani ya malakiti na kupigapiga mabati ya shaba yenye picha za tembo, wakauza, wakaezeka upya. Wateja walimletea baba picha za marehemu wao, naye akazirudisha kwa adabu. "Picha haina mugongo," aliwaambia. Mama alikuwa akimtania kwamba siku moja atamkalisha mbuzi kibandani apate walau mtu wa kumlipa kwa kinyesi.

Nilikuwa na miaka tisa mama alipoanza kukaa yeye. Ilikuwa mwisho wa kiangazi, vumbi limejaa kila mahali, na mama alikuwa tayari anaumwa, ingawa tulikuwa bado tunasema amechoka. Kwa ajili yake baba hakutaka udongo wa kichuguu aliouzoea. Alipanda lori mpaka Kapolowe, kijijini kwa kina mama, akachimba kando ya maji na kurudi na magunia mawili ya udongo laini, wa kijivu. Mama aliuonja kwa ncha ya ulimi, akasema ndio wenyewe, ndio walioulamba utotoni. Basi kila jioni kabla jua halijazama alikaa kwenye kigoda, baba akamzunguka na bikari, akapima paji, pua, upana wa mashavu, akaandika namba kwa chaki mlangoni. Mimi nilikaa chini nikakanda udongo, na nadhani sijawahi kuwa na furaha kama ile.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo wote watatu tulilikalia kimya. Kichwa cha udongo kilikuwa kinajaa, na mama alikuwa anaisha. Siku moja baba aliweka bikari shavuni kwake, akatazama namba ya chaki, akapima tena. Kisha akaiweka bikari chini na kuliacha shavu la udongo lilivyokuwa. Baba, ambaye angeweza kubomoa kazi ya wiki mbili kwa ajili ya sikio lililopanda kidogo, siku hiyo alidanganya kwa makusudi. Mama aliona. Alinitazama mimi, si baba, akatabasamu.

Kichwa kilipokamilika kilibaki kutiwa plasta, na plasta ilikuwa inapatikana Lubumbashi. Mama naye akazidiwa, ikabidi apelekwe huko huko. Baba alikusudia kumwacha hospitalini akishatulia, aje na plasta, amimine. Mpaka hapo udongo ulipaswa kubaki mbichi. Aliniita kibandani, akanionyesha jinsi ya kunyunyizia maji magunia yaliyokifunika kichwa bila kugusa uso.

"Ngalula, weye njo utamuchunga," alisema. "Asubui na mangaribi unamwanga mayi pa gunia. Haina mingi. Lakini asikauke, unasikia?"

"Ndiyo, papa."

Aliyekuja kukaa nami ni Tantine Odette, dada yake mama. Nataka nimtendee haki. Alinipenda, alinipikia bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo, na alikesha kwa maombi ya dada yake hata sauti ikamkauka. Alikuwa wa kanisa la wokovu, na kwao kutengeneza sura ya mtu lilikuwa jambo la kumchokoza Mungu. Siku ya kwanza alinifuata mpaka mlangoni mwa kibanda, akanitazama nikinyunyiza maji, akasema kwa upole kabisa, kama mtu anayeonyesha doa kwenye nguo:

"Angalia muzuri, mutoto. Hii kintu iko nanenepa kila siku, na mama yako iko nakonda kila siku. Ile nyama yake iko naenda wapi?"

Nimetafuta jibu lake mpaka leo, ingawa nimekuwa mwalimu. Kitu nilichokuwa nimekiona kwa macho yangu jioni baada ya jioni, yeye alikuwa amekisema kwa sentensi mbili. Nilimwambia papa ameniagiza. Akasema hakatazi. "Minye siwezi kuigusa. Weye njo uko naipa mayi. Uliza roho yako."

Nikaiuliza roho yangu ya miaka tisa. Nikinyunyiza, ninamuua mama. Nisiponyunyiza, ninamuasi baba na kuuacha uso wa mama upasuke. Siku mbili nilinyunyiza huku nalia. Siku ya tatu niliibeba ndoo mpaka mlangoni, nikasimama, nikairudisha jikoni ikiwa imejaa. Kesho yake baba alipiga simu kwa jirani, nikaitwa. Sauti yake ilikuwa na uhai: mama amekula bukari, ameketi kitandani, anauliza kama ninaenda shule. Tantine alipiga magoti palepale uani. Hakunisimanga wala hakujisifu. Alinikumbatia tu. Nami nikaamini mikono yangu imemponya mama kwa kutofanya kitu. Tangu hapo hata kupita karibu na kibanda niliogopa.

Baada ya siku nane simu ililia tena. Safari hii hawakuniita. Niliwaona majirani wakiingia uani mmoja mmoja, nikajua.

Tantine alipotoka mchana kuwajulisha ndugu, nilikimbilia kibandani. Magunia yalikuwa makavu, magumu kama ubao. Chini yake udongo ulikuwa umegeuka mweupe, umebana nondo, na ufa ulianzia shingoni ukapanda kupita kona ya mdomo mpaka chini ya jicho. Hata hivyo alikuwa mama. Hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwamba bado alikuwa yeye, na ufa ule baba pengine angeweza kuuziba. Lakini mimi niliona dawa moja tu, maji. Nilijaza ndoo nikammwagia, nikajaza nyingine nikammwagia. Udongo mkavu ukimwagiwa maji mengi ghafla haulainiki, unaporomoka. Sikujua. Nilisikia sauti ndogo, kama chumvi motoni, kisha shavu lote la kushoto likateleza na kuanguka miguuni mwangu. Nikarudishia magunia juu ya kilichobaki.

Baba aliingia kibandani baada ya mazishi, bado na suti ya kuazima. Nilimfuata. Alifunua, akainama juu ya kilichobaki.

"Ulikuwa unamwanga mayi?"

"Ndiyo, papa."

Aliokota kipande cha shavu, akakisaga kwa vidole, akakinusa, akakionja. Akaniwekea mkono kichwani. "Basi haina kosa yako," akasema. "Ni hii udongo ya Kapolowe. Minye njo nilikosa."

Leo baba ni mzee, anatetemeka mikono, lakini kibanda kimepata uhai ambao hakikuwa nao wakati wetu. Vijana watatu wanaotaka kujua kupima kabla ya kufinyanga huja kwake, ingawa wana simu mfukoni zenye nyuso za dunia nzima. Anawapa bikari, anawapa timazi, na kabla ya yote anawapa sheria yake ya kwanza: tumia udongo wowote isipokuwa wa Kapolowe, huo unasaliti. Wanaiandika. Mmoja tayari amemfundisha mwenzake wa mtaa wa Kakontwe. Nimekwenda pale mara nyingi na maneno yamejaa mdomoni, nikaishia kumuuliza kama amekula. Nikimwambia, nitamrudishia udongo wa mkewe na kumnyang'anya binti yake, na sijui kama mtu wa umri wake anaweza kuumudu ubadilishaji huo. Tantine Odette ananiombea kila wiki. Naye sijamwambia kitu.

Nimefika umri aliofia mama, na watu wanasema tumefanana. Mwezi uliopita baba aliniomba nikae kwenye kigoda. Alipima shavu langu, akageuka kuangalia namba za chaki ambazo hajaruhusu mtu azifute, akapima tena. Anatumia udongo wa kichuguu, mgumu, wenye mchanga, na vidole vyake vinahangaika nao. Jumapili alipochoka alikifunika kichwa kwa magunia, akanisogezea ndoo kwa mguu.

"Utamwanga mayi, Ngalula?"

"Ndiyo, papa," nikajibu. Safari hii ni kweli, nanyunyiza asubuhi na jioni, na uso ninaoutunza ni wangu.