Pembetatu za Mansuri

Mansuri hakuwa mshirikina, wala hakuingia chama chochote cha siri. Wanaomzushia hayo hapa Kasulu walivaa vitenge vya duka lake na kula pilau nyumbani kwake kila Idi.

Kila Ijumaa mchana, duka likiwa limefungwa, alichonga vibao vya kuchapia picha. Alivipaka wino, akalaza karatasi juu yake na kuisugua kwa mgongo wa kijiko. Kazi hiyo alifundishwa na Emile, Mkongo wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Hakuchapa picha za watu wala wanyama. Pembetatu tu, zikizunguka duara jeupe.

Alipotundika karatasi moja dukani, jirani yake Mwajabu aliuliza jicho lile linamtazama nani. Wateja wakacheka. Baadaye wakaacha kucheka, wakaanza kunong'ona kuwa ni alama ya chama cha siri.

Mkewe, Mwanaheri, alijua jibu. Pembetatu zile ni nakshi za vikapu vya mama mkwe wake, Ndayikeza, aliyekuwa akivisuka Munanila na kuviuza sokoni akiwa amekaa chini. Duara ni kitako cha kikapu, anapoanzia msusi. Lakini Mwanaheri, mwalimu mstaafu, alikwisha kuwaambia watu kwamba ukoo wa mumewe ni wa Pwani, kwa baba na kwa mama.

"Mama Shadia, niandike jina la mama yangu chini yake," Mansuri alimwomba. "Maneno yataisha."

"Andika, wakwe wa Shadia waje wasome."

Mansuri akairudisha kalamu mfukoni.

Mansuri alipofariki, uvumi ulimfuata hadi msibani. Arobaini haijatimia, Mwanaheri akavitoa vibao stoo avitazame. Kwenye cha mwisho palikuwa na maandishi asiyoweza kuyasoma. Yeye, aliyefundisha watoto kusoma miaka thelathini, akaogopa, na kwa mara ya kwanza akamshuku mumewe. Siku hiyohiyo akampelekea fundi seremala Sylvesta vibao vyote, vipigwe randa hadi visibaki na alama.

Wiki iliyofuata Emile alikuja na karatasi mpya. Vibao vilikuwa vimerudi vitupu; akakitambua cha mwisho kwa ukubwa wake, akakipapasa.

"Mama, hapa alichonga jina la mama yake. Lilikuwa kinyumenyume, ili tukichapa lisomeke sawa. Alisema atakuonyesha likiisha kuchapwa."

Mwanaheri alikichukua kibao, akakigeuzageuza akitafuta alama hata moja.

Imebaki karatasi ile moja ya dukani. Sasa iko sebuleni, na chini yake Mwanaheri ameandika kwa mkono wake: Vikapu vya Ndayikeza, Munanila. Wakwe wameisoma. Anayetaka kujua zaidi ya hapo asibishe hodi, hatajibiwa.