Mzinga wa Chuo

Siku ya kwanza kazini nilifika kabla mlango haujafunguliwa, nikiwa na shahada ya uchumi kutoka Kampala na viatu vya kaka yangu. Ofisi ilikuwa ghorofani, juu ya duka la vitambaa, katikati ya mji wa Arusha, na kutoka dirisha la ngazi ilionekana bendera ya Mwingereza bomani. Mzee wa Kihindi mwenye kofia nyeusi alipanda taratibu akiwa na funguo. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia, akanitazama viatu, kisha akaniuliza kama najua kinachouzwa humo ndani.

Nikasema hisa.

"Tunauza imani," akasema. "Hisa ni karatasi yake tu."

Nikamuuliza imani hiyo inapimwaje. Akacheka, akafungua mlango, akasema kwamba kwa maswali ya namna hiyo sitamaliza mwezi. Huyo ndiye aliyekuwa Karani Mkuu. Nilikaa naye ofisi moja hadi alipostaafu.

Vijana wa sasa wakisikia neno benki wanafikiria mahali pa kuweka akiba. Yetu ilikuwa nyumba ya mitaji. Mwenye shamba la mkonge au kahawa aliyetaka kupanua shughuli zake alikuja kwetu, nasi tukamtafutia watu wa Nairobi au London wa kuweka fedha zao humo. Kama kampuni iligawanywa vipande ikauzwa, kila kipande kiliitwa hisa. Kama ilikopa kwa watu wengi kwa pamoja, karatasi waliyopewa wakopeshaji iliitwa hati fungani. Kabla ya kuuza chochote tulichapisha waraka wa toleo, yaani maelezo ya kampuni, mazuri na mabaya, ili mnunuzi asije akasema alidanganywa. Na pale tulipoahidi kwamba zitakazobaki tutazinunua wenyewe, tulisema tumedhamini toleo. Maneno hayo niliyapenda kabla sijayaelewa. Niliyasema peke yangu nikirudi nyumbani Olasiti kwa miguu.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kunakili nyaraka. Ya pili ilikuwa kufuatana na Karani Mkuu mashambani, mara nyingi upande wa Usa River, kukagua kama kinachosemwa kwenye waraka kipo kweli. Yeye alianza kila mara kwenye mfereji wa maji. Mwenye shamba alikuwa amekwisha kuandaa chai na vitabu vyake vya mahesabu barazani, lakini mzee aliteremka garini na kuufuata mfereji hadi mwisho wake. Nilimuuliza kwa nini. Akasema chai inaandaliwa kwa sababu ya mgeni, ila mfereji hakuna anayeusafisha kwa sababu ya mgeni. Nilibishana naye njia nzima, nikisema mtu anaweza kusafisha mfereji pia kama anajua mgeni wake ni nani. Akasema basi kuanzia wiki ijayo tutakwenda bila kutoa taarifa. Ndivyo tulivyofanya tangu siku hiyo.

Baada ya misimu miwili ya kahawa, Bwana Meneja aliniita. Alikuwa Mwingereza aliyezoea kuongea akiwa ameutazama Mlima Meru dirishani badala ya kumtazama mtu. Alisema kuna chumba cha nyuma, ambamo matoleo yalipangwa na bei za hisa kukubaliwa, na hakuna Mwafrika aliyewahi kukaa mezani mle. Serikali ilikuwa na nafasi moja ya ufadhili wa masomo ya fedha ng'ambo kwa jimbo letu. Yeye alikuwa tayari kuniandikia pendekezo. Kuchagua vyuo ilikuwa kazi yangu.

Nilitoka mle nikiwa siioni ngazi. Lakini nilikuwa mtu wa kuhoji, na jambo nililolitaka kuliko yote ndilo nililolihoji kuliko yote.

Bwana Meneja alinishauri chuo kikuu kikongwe chenye mto na mashua. Nikamuuliza wanafundisha nini kuhusu hisa. Akasema hawafundishi hisa, wanafundisha Kilatini, ila ukitoka pale watu watakupokea. Karani Mkuu alinishauri chuo cha biashara cha Bombay, alikokuwa na binamu. Nikamuuliza kama binamu alisoma pale. Kumbe binamu alikuwa akiishi jirani na chuo tu. Mchungaji wetu alinitajia chuo cha Amerika chenye kwaya nzuri. Kisha nikawauliza, mmoja mmoja, wao wenyewe walisoma chuo gani hadi wakafika walipo. Mchungaji tu ndiye aliyekuwa na jibu. Bwana Meneja aliletwa kazini na mjomba wake. Karani Mkuu alifundishwa na baba yake nyuma ya kaunta. Nikaelewa kwamba katika kazi ile chuo ni mlango wa mtu asiye na mjomba, na kwa hiyo natakiwa kuuchagua vizuri zaidi kuliko wao.

Nikajiwekea maswali yangu. Nani anafundisha? Mchana anafanya kazi gani? Chuo kiko umbali gani kutoka sokoni, mahali hisa zinaponunuliwa na kuuzwa? Waliotoka pale wamekaa viti gani sasa? Niliandikia vyuo vingi nikiuliza hayo, na vingi vilinijibu kwa picha za bustani. Kimoja cha London kilijibu kwa ukurasa mmoja. Madarasa yao yalikuwa jioni, kwa sababu walimu wao mchana walikuwa madalali wa hisa na wadhamini wa matoleo, na kutoka mlangoni hadi sokoni ni mwendo wa kumaliza sigara moja. Nilikuwa sivuti sigara. Usiku ule niliota navuta.

Bwana Meneja akasema vizuri, lakini omba vinne, maana hakuna anayeweka mtaji wote mahali pamoja. Hilo lilikuwa somo la kwanza la kazi yetu, nami nilikubali. Jumapili nilimweleza baba.

Sisi ni Waarusha, wakulima na wafugaji wa magharibi ya mlima, Walutheri tangu babu. Baba alikuwa na migomba, ng'ombe wachache, na mizinga ya nyuki kwenye miti ya miringaringa nyuma ya boma. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Umeomba nyumba ngapi?"

"Nitaomba nne, baba."

Akamgeukia mama, ambaye kwetu tunamwita yeyo. "Mtoto wako anachumbia kwa watu wanne kwa siku moja."

"Labda anajua watatu watamkataa," yeyo akasema, akiendelea kumenya ndizi.

"Siyo kuchumbia, baba. Ni vyuo."

"Watakuweka kwao," akasema. "Watakulisha, watakufundisha tabia zao, na ukirudi utaitwa kwa jina lao. Hiyo si nyumba? Na wakikubali wote wanne, Lomayani, ni nani utakayemwambia kwamba ulikuwa unapita tu?"

Nilikuwa nimewashinda maprofesa wa Kampala kwa hoja. Hoja ya baba niliondoka nayo. Nilitafuta kasoro katika maneno yake kwa siku kadhaa, nikiwa kazini, nikiwa njiani, na kila nilipoyageuza yalitoka vilevile: mimi nilikwisha kukichagua chuo kimoja, na vile vitatu vilikuwa vya woga tu. Nikaomba kimoja.

Wiki iliyofuata baba alipanda ngazi za ofisi akiwa amevaa koti la kanisani, ameshika kibuyu cha asali. Kwetu ukienda kuomba binti, asali inatangulia kwa mama yake. Akaniuliza mama wa chuo ni nani. Nikafikiri, nikasema huenda ni msajili, ndiye anayepokea maombi.

Bwana Meneja alitoka chumbani kwake, akamsalimu baba kwa heshima, kisha akanivuta pembeni na kuniambia asali isiende. Kule wataita rushwa.

Nikamuuliza, mbona kila Krismasi tunawatumia madalali wa London magunia ya kahawa bora, na hakuna anayeita rushwa?

"Tofauti ni kwamba wakati ule hatuombi kitu," akasema.

"Januari tunawapelekea toleo jipya, Bwana Meneja."

Akaugeukia mlima. Akasema yeye amesema aliloweza kusema, na anayeomba ni mimi. Baba alikuwa amesimama karibu na mlango, hakujua Kiingereza, amekishika kibuyu kwa mikono miwili kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa mwenzake. Nilimtazama, nikakipokea.

Karani Mkuu ndiye aliyetusaidia. Alisema kwao pia jambo jema linaanza na kitu kitamu, na Waingereza wakitaka kukasirika watakasirika hata kwa chumvi. Tukaenda kwa fundi wa bati sokoni, asali ikamiminwa kwenye kopo, mfuniko ukachomelewa kwa risasi ya kuungia bati. Karani Mkuu akaandika anwani kwa mwandiko wake wa nyaraka za matoleo.

Miezi ile ya kusubiri ndiyo ninayoikumbuka kuliko miaka yote ya kazi. Nilijua London kwa ramani niliyoazima. Nikitembea kutoka mjini hadi Olasiti, nilikuwa nikitembea kutoka chuoni hadi sokoni, nikigeuka kona ambazo hazikuwepo. Mvua ikinyesha Meru, nilijiuliza kama inafanana na ya kule.

Jibu lilikuja mwisho wa masika. Msajili aliandika kwa upole kwamba sifa zangu ziliwaridhisha wote, ila kanuni ya chuo inasema mwombaji akituma zawadi, maombi yake yawekwe kando. Asali wameipeleka hospitali ya watoto. Bwana Meneja alisoma, akanirudishia, hakusema nilikuonya. Alisema mwakani tutajaribu tena. Kabla ya mwakani akahamishwa, na aliyekuja baada yake alisema hamwandikii pendekezo mtu anayemjibu swali kwa swali.

Jioni ile ya jibu nilimkuta baba akikamua ng'ombe. Hakuinuka.

"Wamesemaje?"

"Wamesema asali ilikuwa nzuri sana, baba. Watoto wao waliipenda. Ila nafasi zimejaa."

Alimaliza kukamua. Akasema si vibaya, nyumba nzuri haikubali mara ya kwanza. Ile ilikuwa asali ya haraka haraka, mwakani watapelekewa iliyokomaa. Asubuhi nilimwona amepanda mringaringa wa mwisho, ule mrefu ulio karibu na mfereji, anatundika mzinga mpya. Yeyo alipouliza ni wa nani, akamwambia ni wa chuo.

Mambo mengine mnayajua. Bendera ilibadilika, Waingereza wakaondoka mmoja mmoja, na siku Karani Mkuu alipostaafu alinikabidhi funguo. Baadaye nilikaa katika chumba cha nyuma, kwenye meza ile ile. Niliyahitaji yale ya darasani, nikayaokota vipande vipande, mengi kwa mzee wa Kihindi, mengine kwa makosa. Nilidhamini matoleo. Yalifanikiwa. Wenzangu wa Nairobi wakizungumzia walimu wao wa London, niliwauliza maswali madogo madogo: ngazi zilikuwa za mbao au mawe, taa za darasani zilikuwa za rangi gani. Walidhani ninawatania.

Sasa nimestaafu, na vijana wanakuja kuniuliza waombe vyuo gani ili waingie kwenye kazi hii. Ninawapa maswali yangu ya zamani, nayo bado yanafaa: nani anafundisha, mchana anafanya nini, soko liko wapi. Ninawaambia waombe vingi, maana huo ndio ushauri sahihi. Wananiuliza mimi niliomba vingapi. Nikiwaambia kimoja wanacheka kwa adabu, na mimi siwalaumu. Nimejiuliza miaka yote kama ningefanya vingine. Namwona tena baba mlangoni na koti lake la kanisani, na hesabu yote inanipotea.

Kila mwaka, hadi alipofariki, aliirina mizinga yote akauacha ule mmoja. Akinikuta nyumbani alikuwa akiniuliza kama wamefungua, maana yake kama chuo kimeanza kupokea maombi. Nilimjibu bado. Mzinga wenyewe ulioza, nimeubadilisha mara kadhaa, na nyuki hawajahama. Wajukuu wanataka tuurine, wanasema asali imejaa hadi inachuruzika kwenye gome.

Nawaambia bado.