Zipora na Msiba wa Munira

Zipora, matroni wa hosteli ya wasichana katika chuo kimoja cha Dodoma, alikuwa mkali na hakuona sababu ya kumwomba mtu radhi kwa hilo. Aligombeza walioanika nguo madirishani, akagombeza waliochelewa kurudi, na zaidi ya wote akawagombeza wenye hita za kuchemshia maji, maana hosteli ilishanusurika kuungua. Wasichana walimnung'unikia weee, kisha shida zao zote wakazipeleka kwake.

Asubuhi ile simu ililia angali anajifunga kitenge. Alikuwa Mzee Faridi, mjomba wake Munira, msichana wa mwaka wa pili kutoka Chemba. Mama yake Munira amefariki alfajiri. Mazishi ni leo leo, baada ya sala ya adhuhuri.

“Lakini usimwambie, matroni. Ana mtihani saa tatu. Marehemu dada yangu hakuwa na wimbo mwingine ila masomo ya huyu mtoto. Amalize kwanza.”

“Na mama yake atamuaga lini?”

“Nakuomba sana,” sauti ya mzee ikakatika, na Zipora akajikuta anasema sawa.

Alipokata simu hasira zikampanda, kwanza kwa mzee, kisha kwa nafsi yake. Kila mwaka mambo ni hayo hayo! Mwanafunzi anafiwa, ukoo mzima unajua, majirani wanajua, hata muuza chipsi wa getini anajua, isipokuwa mfiwa mwenyewe. Akipiga simu nyumbani anaambiwa mama amelala. Akimaliza mitihani anakwenda kuonyeshwa kaburi, na wote wanaona wamemhurumia.

Akaenda ofisi ya huduma za wanafunzi. Faustini, mkuu wa ofisi hiyo, hata kiti hakumpa.

“Familia imeshaamua, mama. Sisi ni nani tuingilie?”

“Sisi ndio tunaoishi naye!”

“Akifeli lawama ni zetu. Tusubiri.”

“Tusubiri nini, afufuke?” Zipora akatoka, mlango akaubamiza.

Akampigia Bartolomayo, mshauri nasaha wa chuo, aliyekuwa bado Kizota akichukua gari lake kwa fundi.

“Mwambie, mama,” Bartolomayo akasema. “Mketishe, mwambie wazi bila kuzungukazunguka, kisha muulize anataka nini. Mtihani unaahirishwa, hilo nitalisimamia mimi. Usimwache peke yake. Nakuja na gari.”

“Nimeshamkubalia mjomba wake.”

“Kwani aliyefiwa ni mjomba peke yake?”

Zipora alirudi hosteli anaongea mwenyewe. Ni rahisi mtu kukupa maagizo kwenye simu, yeye hatautazama huo uso! Ahadi ameitoa, na mtoto ni wa watu. Alikuwa hajaamua lolote alipokutana na Munira kwenye ngazi, hita mkononi, waya unaning'inia bila hata kufichwa.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba, mwanangu. Umeshakunywa chai?”

Munira akasimama. Akaitazama hita yake, akamtazama matroni.

“Mama, mbona hujanigombeza?”

“Nenda tu, utachelewa.”

“Nani amekufa?”

Basi, ndivyo ilivyokuwa. Wakubwa wote wale walikuwa wameipanga siri yao, na siri yenyewe imevujishwa na upole. Zipora akamshika mkono, wakaketi pale pale kwenye ngazi.

“Mama yako, Munira. Amefariki leo alfajiri. Wanazika adhuhuri.”

Munira hakulia. Aliiweka hita chini taratibu.

“Umejua saa ngapi?”

“Mjomba wako alinipigia asubuhi na mapema.”

“Ungeniacha niingie kwenye mtihani?”

“Sijui,” Zipora akasema, na ilimuuma kwa kuwa ilikuwa kweli. “Nisamehe, mwanangu. Sasa wewe unataka nini?”

“Nataka nimuone.”

Bartolomayo alipofika hawakungoja ruhusa ya mtu. Njia nzima Munira alilia, kichwa mapajani kwa Zipora, na kila lori lililowazuia mbele Zipora alilitukana kimoyomoyo. Wachelewe sasa, baada ya yote haya!

Walipofika Chemba, wanaume walishasimama uani wakisubiri kuinua jeneza. Munira alishuka kabla gari halijatulia, akapita katikati yao bila kumwamkia mtu, akaingia ndani walikokuwa wanawake na marehemu. Mzee Faridi akamjia Zipora, macho mekundu.

“Matroni, nilikuomba jambo moja tu. Mtihani je?”

Zipora alikuwa na maneno ya kumpa, tena makali, ameyapanga tangu Dodoma. Kabla hajafungua kinywa, sauti ya Munira ikasikika kutoka ndani.

“Mama, nimekuja.”

Mzee Faridi akavua kofia, akajifunika nayo uso. Kisha akawageukia wanaume waliokuwa wanasogea mlangoni.

“Subirini,” akawaambia. “Mwacheni mtoto amuage mama yake.”