Dungusi la Mwanajuma

Harufu ya plastiki inayoungua huwachukiza watu wengi, lakini mimi ikinifikia popote nilipo hunirudisha nyuma ya nyumba yetu ya Mtongwe, kwenye kivuli cha ukuta wa jiko, alikokuwa akikaa dadangu Mwanajuma na msumari uliotiwa moto hadi ukaiva, akitoboa matundu chini ya makopo ya majarini ya kupandia madungusi, ile mimea ya miiba ya nchi kavu. Moshi mwembamba ulipanda ukachanganyika na harufu ya iliki ya mahamri ya Mama, naye Mwanajuma alikunja pua na kuendelea. "Kiu haiui dungusi," alikuwa akiniambia. "Maji ndiyo yanayoliua." Mimi nilikuwa na miaka kumi, yeye kumi na minne. Ulikuwa msimu wa jua kali kabla ya masika, jua la kuumiza nyayo, na ndio msimu tuliofunzwa, mimi na yeye, kwamba mtoto hana chake.

Mwanajuma alizaliwa na seli mundu, ule ugonjwa wa damu unaotia viungo maumivu hadi mtu akauma shuka. Siku alizolala kitandani zilikuwa nyingi kuliko alizokwenda shule. Alipokuwa mdogo, mjomba wetu Kassim, aliyetunza bustani ya nyumba moja ya Nyali, alimletea tunda lililokauka la dungusi la duara, akamwekea kiganjani na kumwambia, "Haya mwanangu, kazi hii haitaki miguu." Ndani ya tunda mlikuwa na mbegu nyeusi kama habasoda, ila ndogo zaidi. Mjomba alimwonyesha namna ya kuzimwaga juu ya mchanga bila kuzifukia, kulifunika kopo kwa mfuko mwangavu, na kulikalisha kwenye sahani ya maji ili mchanga unywe kutoka chini. Nilipopata nguvu za kubeba ndoo nikawa mwosha mchanga wake, kwa kuwa kila mwaka alipanda mengine. Mchanga wa ufuoni una chumvi. Niliuosha maji baada ya maji, nikiuonja kwa ncha ya ulimi, naye alinirudisha bombani mpaka uwe hauna ladha yoyote. Kisha tuliuchanganya na mkaa uliopondwa na vigae vya matofali.

Mengi yalikufa. Yalichipuka kama vichwa vya pini, ukungu ukayala, au panya akayala, au kuku. Yaliyobaki yalikua polepole mno hata majirani wakawa na la kusema. "Mche gani huu, wakua kama kucha ya maiti?" aliuliza Bi Fatuma wa nyumba ya pili, na watu wakacheka. Baada ya mwaka dungusi huwa kama punje ya kunde. Baada ya miwili, kama kifungo cha koti. Haraka haraka haina baraka, tunasema, lakini ni wachache wanaojua kuishi methali hiyo, na dadangu alikuwa mmoja wao. Katika mbegu zile za kwanza kabisa, za Mjomba, lilisalia dungusi moja tu. Kufikia msimu huo lilikuwa limefika ukubwa wa chungwa changa, limejikunja mbavu zake vizuri, na miiba yake ilikuwa ya manjano iliyokoza, ikipigwa na jua la asubuhi ilimeremeta kama uzi wa kofia ya sikukuu. Alikuwa amelilea zaidi ya nusu ya umri wake.

Basi shule yetu ikatangaza siku ya wazazi, kila darasa lionyeshe kazi za wanafunzi. Mwalimu wa sayansi alimwomba Mwanajuma alete dungusi lake, na sijawahi kumwona dadangu akifurahi vile. Kwa mara ya kwanza alikuwa na kitu shuleni kisichokuwa cheti cha daktari. Alilibeba mwenyewe kwenye sinia, akapumzika njiani kila alipochoka, akakataa nimsaidie. Mchana mgeni wa heshima akapita mezani pake, mheshimiwa fulani mwenye tumbo mbele na watu nyuma. Akainama, akagusa mwiba kwa kidole, akasema, "Mashallah, hiki kipira kizuri." Hakuomba kitu. Mwalimu mkuu ndiye aliyeruka. "Mheshimiwa, hiyo ni zawadi yako kutoka kwa wanafunzi wetu!" Watu wakapiga makofi. Kijana mmoja wa mheshimiwa akalinyanyua sinia.

"Mwalimu, si zawadi," alisema Mwanajuma. Hakupaza sauti, ila makofi yalikuwa yamekwisha na kila mtu alimsikia. "Ni langu."

Nakumbuka mwalimu mkuu alivyocheka, mkono wake ukiwa begani mwa dadangu, vidole vikibonyeza. "Watoto wa siku hizi!" alisema. Mheshimiwa naye akacheka. Wazazi wakacheka, watu wazima waliotujua tangu tukiwa wachanga, Bi Fatuma akiwa kati yao. Hakuna hata mmoja aliyesema, mrudishieni mtoto kitu chake. Mpaka leo, nikikutana na baadhi yao, mdomoni hunitoka shikamoo lakini moyo hauifuati.

Asubuhi ya pili Mwanajuma hakuweza kuinuka. Maumivu yalimshika miguuni na kifuani, akalazwa, na ikapita miezi miwili kabla hajaweza kuvaa sare tena. Siwezi kuapa kwamba ni dungusi lililomwangusha. Ugonjwa ule una nyakati zake. Ninachojua ni kwamba hakulia mbele yetu hata mara moja, na kwamba alipokuwa amelala wodini, shule ilileta salamu kupitia kwangu, mtoto wa miaka kumi: Mwanajuma atakaporudi, aombe radhi mbele ya gwaride kwa kumwaibisha mgeni.

Baba alifanya kazi kiwandani Changamwe, akitoka alfajiri kuvuka feri, na alikuwa mtu asiyependa maneno na wakubwa. "Aombe, yaishe," alisema. "Mwenye nguvu mpishe." Mama alikuwa akisukuma unga. Hakuinua macho. "Nimempisha maisha yangu yote, baba Mwanajuma. Leo amepita na mali ya mtoto mgonjwa."

Dada alipopona, Mama alivaa buibui lake la kutokea, akatuchukua sote wawili hadi ofisi ya mwalimu mkuu. Akasalimu kwa adabu, akauliza, "Mwanangu aombe radhi kwa lipi?" Mwalimu mkuu alianza kueleza habari za heshima na sifa ya shule. Alikuwa bado anaeleza, nikaona Mwanajuma amegeuza shingo. Juu ya kabati la vikombe, kopo likiwa limezungushiwa karatasi ya kumetameta, lilikuwa dungusi lake. Mheshimiwa hakuwa hata amelifikisha kwake. Alilisahau garini kwa mtu, mtu akalirudisha shuleni, na tangu hapo karani alikuwa akilimwagilia kila asubuhi, pamoja na maua. Karatasi ile ilikuwa imeziba matundu yote. Mbavu za chini zilikuwa za kahawia, zimelegea kama ndizi iliyopitiliza.

Mwanajuma alikwenda akalishusha. "Rudisha hapo," alisema mwalimu mkuu. "Hiyo ni mali ya shule."

Hapo ndipo nilipomsikia mamangu akipaza sauti mbele ya mtu mwenye tai. "Wallahi, mwalimu, niambie nielewe. Juzi lilikuwa la mheshimiwa, leo ni la shule. Litakuwa la mwanangu lini?" Hakungoja jibu. Alilipokea kopo, akalifunika kwa upande wa buibui lake, akatutanguliza mlangoni. Kuku wa mkata hatagi, akitaga haangui, akiangua huchukuliwa na mwewe. Nimeisikia methali hiyo ikisemwa kwa kicheko, kana kwamba mwewe ni mvua, hakuna wa kumlaumu. Siku ile nilimwona mtu akimnyang'anya mwewe.

Nyumbani dadangu alipitisha kisu kwenye moto, akaanza kukata kutoka chini, kipande baada ya kipande, akikipitisha kisu motoni kila mara. Kila alipokata, katikati mlikuwa bado na duara la kahawia, na kila mara alitazama, akakata tena. Alipofika kwenye nyama safi palikuwa pamebaki kofia ndogo tu, pana kama kizibo cha chupa. Haikuweza kuota mizizi yenyewe. Alikata kichwa cha mpungate wa uani, dungusi la kienyeji lenye nguvu, akailaza kofia juu yake, kiini juu ya kiini, nami nikaishikilia huku akiifunga kwa vipande vya mpira wa baiskeli. Ikashika. Ilinenepa haraka kwa nguvu za mpungate, ikapoteza umbo lake zuri, na baadaye ikazaa vitoto ubavuni, ambavyo Mwanajuma alivikata na kuvipanda. Haikurudi kuwa lile dungusi. Yeye naye hakurudishwa shule ile bila radhi, na Mama hakumruhusu aiombe. Alirudia darasa katika shule ya mbali, kwa miguu ile ile inayouma. Mwalimu mkuu alipohamishwa aliagwa kwa ngoma na zawadi.

Alhamdulillahi, dadangu yu hai, ana kitalu kizuri, na mimi ninaishi Kiembeni na mwanangu wa darasa la nne. Tumekuwa na simu, barabara na maneno mengi ya haki za watoto yaliyoandikwa ukutani mwa kila shule. Mwezi uliopita kikundi cha wazazi kilipata ujumbe wa shule simuni: kazi za mikono za watoto zitakabidhiwa wageni kama zawadi. Mwanangu alikuwa amemaliza likizo nzima akiunda gari la waya lenye usukani unaogeuka. Nikaandika, "Mmewauliza watoto?" Kisha mzazi mmoja, mtu wa rika langu, akajibu, "Mama, kwani mtoto huulizwa?" Na vicheko vikafuata, vile vile, safari hii vya picha za manjano.

Nikaiweka simu chini, nikamwita mwanangu. "Abee, mama." Nikamwuliza kama anataka kumpa mgeni gari lake. Alifikiri kidogo, akalizungusha gurudumu. "Hili sitaki," alisema, "lakini naweza kumtengenezea jingine." Akaenda kutafuta waya. Ilikuwa rahisi hivyo. Swali moja tu lilihitajika, na katika uwanja uliojaa watu wazima hapakuwa na mtu wa kumwuliza dadangu.