Kovačević wa Ukutani

Ukiingia sebuleni kwa Radisav Kovačević, mpima rasiberi wa kijiji cha Zlakovo, kabla hujaonyeshwa kiti utaonyeshwa ukuta. Hapo wametundikwa akina Kovačević wote waliowahi kufanya la maana chini ya jua: jenerali mwenye masharubu aliyevusha jeshi mto ukiwa umefurika, askofu mwenye ndevu hadi kitovuni, mpiga mieleka aliyerudi na medali, mama mnene aliyeimba mbele ya wafalme, golikipa, na waziri mmoja. Waziri alifungwa kwa kula fedha za barabara, na miaka miwili yote picha yake ilikaa nyuma ya kabati. Siku alipotoka jela alirudishwa kwenye msumari wake, na Radisav akatangazia kijiji kizima kwamba ndugu yetu alisingiziwa.

Aliyewafuta vumbi ndugu hao kila Jumamosi ni Ljubinka, mkewe. Miaka ishirini na tisa ya ndoa, na kati ya hiyo ishirini na miwili akiwafuta vumbi watu ambao hata wangefufuka wote na kupita mlangoni pake, wasingejua wanapita kwa nani. Alikuwa akimfuta jenerali usoni kwa tambara lile lile la kufutia jiko, na roho yake ikipata nafuu kidogo.

Jina Kovačević maana yake ni mtoto wa mhunzi, na katika milima ile hakuna kijiji kilichokosa mhunzi, wala mhunzi aliyekosa kuzaa. Wametapakaa nchi nzima. Kujivunia kuwa Kovačević ni kama kujivunia kuwa na pua. Lakini jaribu kumwambia Radisav hivyo, atakutazama kama umemtukania mama yake.

Na yeye mwenyewe alifanya nini? Alipima rasiberi. Miezi miwili ya kiangazi alisimama penye mizani na penseli sikioni, akiwaamuru wanawake waliovunjika migongo tangu alfajiri wapange vizuri makreti yao. Miezi kumi iliyobaki alikaa. Bati la zizi lilipeperushwa na upepo, Ljubinka akapanda mwenyewe na misumari mdomoni, na yeye akiwa chini ameshika ngazi kwa mkono mmoja, mwingine ameshika gazeti.

"Sikiliza hii," alimwambia. "Kovačević mwingine kateuliwa balozi! Sisi watu wa ajabu sana. Uongozi uko damuni."

"Shika ngazi."

"Nimeshika. Damu, Ljubinka, haidanganyi."

"Shika kwa mikono yote miwili, wewe balozi, nisije nikakuangukia."

Haya yote Ljubinka angeyameza. Mume mpiga domo si msiba, wako tele. Alichoshindwa kukimeza ni lile jambo la mtakatifu.

Huko kwao udugu haupimwi kwa jina. Hupimwa kwa slava, siku ya mtakatifu ambaye ukoo mzima humwashia mshumaa, mwana akirithi kwa baba kama anavyorithi nyumba. Jina moja na mtakatifu mmoja ni damu moja. Jina moja na watakatifu wawili, hapo mnapeana salamu tu. Akina Kovačević wa Zlakovo tangu babu wa babu walikuwa watu wa Mtakatifu Alimpije, tarehe tisa Desemba, katikati ya mfungo wa kabla ya Krismasi, hivyo wageni hula maharagwe na samaki, basi. Mtakatifu mnyonge wa watu wanyonge. Ljubinka aliolewa chini ya mshumaa huo na hakuona ubaya wowote.

Ikatokea kwamba mjini Belgrade kuna chama cha ukoo wa yule jenerali, hukutana kila mwaka wakala na kupiga picha. Radisav alivaa suti ya harusi yake akaenda. Mlangoni waliuliza kila mtu swali moja tu: "Unasherehekea nani?" Aliona wote wakijibu Malaika Mkuu Mikaeli, na yeye, bila hata jicho kupepesa, akajibu Malaika Mkuu Mikaeli. Wakampa beji na kumkalisha meza ya mwisho, karibu na choo.

Alirudi akiwa amevimba kichwa hadi kofia inambana. Kesho yake alikwenda kwa padri Gavrilo kutangaza kwamba amebadilisha mtakatifu.

"Kwa nini?" padri akauliza.

"Malaika Mkuu kanitokea ndotoni."

"Hee! Alikuwaje?"

"Mrefu. Na masharubu."

"Nenda zako, Radisav," padri alisema. "Umemwota jenerali."

Padri hakuandika lolote, lakini Radisav hakuhitaji maandishi. Tangu mwaka huo, ishirini na moja Novemba, mfungo haujaanza, nyumba yake ilinuka nyama ya nguruwe ya kuoka, na majirani waliomcheka njiani walikuja wakala, wakajipangusa midomo, wakaondoka wakicheka tena. Baba yake, mzee Tiosav, alikuwa hai bado mwaka wa kwanza. Alikaa jikoni na sahani yake, hakutia kitu mdomoni. Mwezi Machi akafa. Ljubinka hakusema kwamba mzee alikufa kwa hilo, ila tangu siku ile alimdharau mumewe kwa moyo mkunjufu, bila kujilaumu.

Sasa walikuwa na binti mmoja, Rosanda, mwenye miaka ishirini na saba, mfanyakazi wa ghala la baridi ambako rasiberi hugandishwa. Msichana wa maneno machache, mikono myekundu kwa baridi. Mwezi Agosti alikaa jikoni, akasema bila kuinua macho, "Mama, kuna mtu. Ni daktari wa mifugo, anaitwa Vidoje."

"Vidoje nani?"

"Ndiyo hapo sasa, mama. Kovačević. Wa Prisoje."

Ljubinka aliweka kisu chini. Prisoje, ng'ambo ya mto, ndiko wanakotoka wale wenyewe, ukoo wa jenerali, watu wa Malaika Mkuu tangu enzi na enzi. Na watu wa jina moja na mtakatifu mmoja hawaoani hata kama wametengana vizazi tisa. Kwao ni kama kumwoa dada.

Radisav alipoambiwa alirukaruka. "Kovačević wa Prisoje! Katika nyumba yangu! Mnaona? Damu inatafuta damu!"

"Ndiyo shida yenyewe, bwege wewe," Ljubinka alisema. "Nani atamwoza mwanawe kwa damu yake? Utawaambia ukweli. Utasema mtakatifu wetu ni Alimpije. Ni neno moja tu."

"Tutaona," alisema Radisav, na macho yake yakaenda ukutani.

"Baba," Rosanda alisema, "sijawahi kukuomba kitu. Hata baiskeli sikuomba. Naomba hili."

"Tutaona, mwanangu."

Jumapili ya pili ya Septemba alikuja bibi Kosana, nyanya yake Vidoje, ambaye kwa Prisoje ndiye mwenye neno la mwisho. Miaka themanini na sita, kitambaa cheusi kichwani, fimbo ambayo haikuwa ya kuegemea bali ya kuelekezea watu. Nyuma yake alikuwa Vidoje, kijana mkubwa mwenye aibu, viatu vimesuguliwa hadi vinang'aa. Rosanda aliwapitishia kijiko cha jamu ya plamu na glasi ya maji, kisha kahawa. Akabaki amesimama na sinia.

Radisav alikwisha kuanza ziara ya ukuta. "Na huyu, bibi, bila shaka unamfahamu..."

"Ni ami wa mume wangu," bibi alisema. "Alikuwa bahili na alimpiga mkewe. Kaa chini."

Radisav akakaa.

"Mimi si mtu wa kuzunguka," bibi Kosana aliendelea. Alitoa leso kifuani, akaiweka mezani, akafungua fundo. Ndani mlikuwa na sarafu ya dhahabu kwenye mkufu, ile ambayo huko huvishwa binti anapochumbiwa. "Msichana nimemwona, ananifaa. Mjukuu wangu hali wala halali. Lakini jina letu moja, na nimesikia mnasherehekea Malaika Mkuu. Ikiwa hivyo, hawa ni ndugu, na ninafunga leso yangu. Ila kuna wanaosema zamani mlikuwa na mtakatifu mwingine. Sitaki ya mtaani. Mwenye nyumba aniambie. Ninyi ni watu wa nani?"

Ljubinka alimtazama mumewe. Kwa kitambo kidogo, aibu ilioje, alimwamini.

"Watu husema mengi, bibi," Radisav alisema. Sauti ilimnyooka, akapanua kifua. "Sisi ni watu wa Malaika Mkuu. Tangu mwanzo. Ninyi na sisi ni damu moja."

Machozi yalimlengalenga, na yalikuwa machozi ya furaha. Mtu wa ukoo wa jenerali alikuwa amekaa sebuleni kwake akimsikiliza, na hilo lilimtosha; binti yake aliyesimama na sinia hakumwona kabisa.

"Baba!" Rosanda alisema.

"Nyamaza, wakubwa wanaongea."

"Hatanyamaza," Ljubinka alisema, na akainuka. "Anadanganya, bibi. Mimi niliingia nyumba hii chini ya mshumaa wa Alimpije. Slava yangu ya kwanza hapa, tisa Desemba, theluji ilikuwa magotini, tulikula maharagwe na samaki wa mtoni. Mkate wa slava niliukanda kwa mikono hii miaka saba kabla huyu hajapatwa na kichaa cha picha. Muulize padri. Muulize yeyote hapa Zlakovo."

Bibi Kosana alimgeukia Radisav polepole. Hakuonekana kukasirika. "Baba yako alikuwa Tiosav, mpigilia ng'ombe vyuma vya kwato. Nilimjua sokoni. Sasa niambie, Tiosav alimwashia nani mshumaa?"

Hapo palikuwa pabaya kwa Radisav. Aliangalia mlango, akaangalia askofu, akaangalia mikono yake.

"Baba yangu..." alisema. "Bibi, baba yangu alikuwa mlevi. Mtu duni. Hakujua kusoma, hakujua anatoka wapi wala yeye ni nani. Alishika mtakatifu wa kuokota tu, kama anavyookota mlevi kofia isiyo yake. Yule usimhesabu."

Vidoje aliinamisha kichwa. Rosanda aliweka sinia mezani. Ljubinka alimkumbuka mzee Tiosav jikoni na sahani yake iliyojaa, na kwa mara ya kwanza maishani alitamani kumpiga mtu ngumi.

Bibi Kosana alimtazama Radisav kama mtu anayekagua ng'ombe na kukuta jino bovu. Kisha alitikisa kichwa kukubali, akaonekana kuridhika.

"Vizuri," alisema. "Nilikuja na wasiwasi, sasa umeniondolea. Kwetu Prisoje tumezaa wezi. Tumezaa wauaji wawili. Huyo jenerali wako nimeshakwambia. Lakini tangu jina hili lianze hatujazaa mtu wa kumtukana baba yake aliyeko kaburini, mbele ya wageni, tena ameulizwa habari ya mshumaa tu. Wewe si wa kwetu hata kwa tone moja. Ningeweza kuapa kanisani." Akainua fimbo. "Binti, njoo hapa. Inama."

Rosanda aliinama. Mikono ya kizee ilimvisha dhahabu shingoni, ikapapasa kidogo kutafuta kifungo cha mkufu, Vidoje akasaidia. Ljubinka alijikuta analia na kucheka kwa pamoja, ameziba mdomo kwa aproni.

Radisav alibaki amesimama chini ya watu wake wote.

"Na mimi, bibi?" aliuliza. "Mimi basi ni nani?"

"Wewe?" bibi Kosana alisema, akivuta kikombe chake karibu. "Wewe ni baba mkwe. Kunywa kahawa, inapoa."