Shangazi Hasemwi

Gari letu tuliliita Shangazi kwa sababu halikukosa shughuli ya ukoo hata moja, lilifika kwa kuchelewa, likalalamika njia nzima, na hakuna aliyethubutu kuliacha nyumbani. Jina hilo nililitoa mimi, kitinda mimba. Shangazi mwenyewe, dada yake baba, alipolisikia alininunia, na mpaka leo salamu zake kwangu ni za shingo upande. Shauri yake.

Baba alikuwa dereva wa ofisi. Aliendesha wakubwa miaka nenda miaka rudi, wakubwa wakaja na kuondoka, yeye akabaki palepale na kitambaa chake cha kufutia vioo. Alipostaafu akaona hawezi kukaa bila usukani, akamnunua Shangazi kutoka kwa mtu aliyekuwa anahama, na nadhani yule mtu alihama haraka baba asije akabadili mawazo. Tangu hapo kila Jumamosi asubuhi, kabla hajanywa chai, baba alifungua boneti. Alipima oili akakifuta kile kijiti kwa soksi iliyopoteza mwenzake, akajaza maji kwenye rejeta, akamwagia maji ya moto vichwa vya betri mpaka ule unga mweupe ukatoka. Tangi la mafuta lilipotoboka alikanda kipande cha sabuni ya kufulia akaziba tundu, na sabuni ikadumu kuliko viatu vyangu vya kazini. Bomba la moshi lilishikiliwa na waya. Mlango mmoja wa nyuma ulifunguka kwa nje tu, hivyo aliyekaa upande ule alisubiri kushushwa kama bibi harusi. Geji ya joto ilikufa zamani, mshale wake umelala kwenye baridi hata jua liwake vipi. Baba alisema yeye hahitaji mshale wa kumwambia gari lake linajisikiaje.

Na ndani ya gari kulikuwa na sheria. Shangazi hasemwi akiwa barabarani. Agonge, apige mluzi, akohoe, abiria ananyamaza mpaka dereva mwenyewe aseme. Baba aliitoa kazini kwake, huko ambako wakubwa walipenda kumfundisha kuendesha wakiwa wamejilaza kiti cha nyuma, na aliapa kwamba gari lake mwenyewe halitakuwa na madereva watatu. Wifi yangu, mke wa kaka mkubwa, alipokuwa bado mgeni kwetu aliuliza mbona kunanuka. Baba akaegesha pembeni, akamfungulia mlango kwa adabu zote, akamwomba azunguke gari lote akinusa, kisha arudi aketi. Wifi alizunguka. Hakuuliza tena.

Aliyesamehewa sheria hiyo ni mama peke yake. Naye hakusema kitu, alikaa mbele na mkono wake juu ya goti la baba, safari nzima, akilipapasa, akiacha, akilipapasa tena. Sisi watoto tulicheka kwa nyuma kwamba mapenzi ya wazee yamepamba moto uzeeni. Mama alitazama mbele tu.

Kisha mama akapata mtoto wa jicho, akapelekwa kufanyiwa upasuaji katika hospitali ya mji wa jirani. Kaka mkubwa akaona ndiyo nafasi yake. Alikuwa amelitaka gari liuzwe kwa muda mrefu, na sitamsingizia, hoja alikuwa nazo. Siku hizi baba alikuwa anapita njia panda kama vile barabara ni ya kwake, akipigiwa honi hageuki, na majirani walishaanza kumnong'oneza kaka. Kaka akaja nyumbani, akaketi, akasema maneno yake polepole mbele ya baba. Twende na Shangazi tukamlete mama. Safari ikienda salama, yeye hatalitaja tena suala hilo. Gari likizima njiani, linauzwa, na baba anaachana na kuendesha. Baba alimtazama usoni mpaka akamaliza, akampa mkono.

Nilijua anachokiweka rehani. Bila usukani baba angekuwa mzee wa kuulizwa kama amekula, mzee wa kufungiwa mkanda na watu wengine. Alikuwa anaogopa hilo kuliko kufa, na mimi nilikuwa upande wake waziwazi. Mama alipopata habari alipiga simu akitusihi tukodi gari, au tumwache aje mwenyewe. Alitaka kuongea na baba. Baba akaisukuma simu kwangu kama kawaida yake, akasema hana muda na vidude hivyo, na akaenda kumpigapiga Shangazi magurudumu.

Tukaondoka watatu. Kaka akakaa mbele kwa ukubwa wake, nami nyuma, kwenye ule mlango wa bibi harusi. Mwanzo mambo yalikuwa shwari. Baba alikuwa amevaa shati lake la kazini lililopigwa pasi, na alimwendesha Shangazi kama amembeba waziri. Tulipoacha nyumba za mwisho za mji, mbele kwenye injini pakaanza kusagika, kama mtu anakoroga kokoto ndani ya sufuria. Kaka akageuka kunitazama. Nami nikamtazama baba kwenye kioo. Alikuwa ametulia tuli. Nikajiambia, anajua, ngoja nisimvuruge.

Nikiwaza leo nakasirika. Mimi nilinyamaza kwa sababu nilitaka baba ashinde, na kutaja kelele ilikuwa sawa na kumpa kaka ushindi mkononi. Kaka naye, aliniambia baadaye bila kuficha, alinyamaza kwa sababu makubaliano ni makubaliano, na kama Shangazi ameamua kufa, basi afe. Kelele ikazidi. Ikawa ya chuma kwa chuma, hata wapita njia wakawa wanageuza shingo. Sisi tumekaa kimya kama tuko msibani. Tulipofika kwenye mlima gari likaanza kukosa nguvu, na hapo ndipo baba akakunja pua, akanusa, akashuka gia, akasogea pembeni. Alipozima injini mvuke ukatoka kila pembe ya boneti.  Kaka alishuka, akanifungulia mlango.

Kulikuwa na gereji hapo juu kidogo, ya mabati, na fundi akaja na vijana wake wakamsukuma Shangazi mpaka kivulini. Kaka akapiga simu, akakodi gari likamchukue mama hospitali na kutupitia njiani. Fundi alikuwa mtu wa makamo asiyekuwa na maneno mengi. Alilala chini, akainuka, akafungua hiki na kile, kisha akatuita. Pampu ya maji ilikuwa imekwisha, beringi yake imesagika kabisa, maji yote yamemwagika njiani, na injini ikapikika yenyewe. Akajifuta mikono, akatutazama mmoja mmoja.

"Pampu haifi kimya," alisema. "Hii imelia mpaka imechoka. Nyinyi mlikuwa wapi?"

 Nilimwona baba akikitazama kinywa cha fundi, si macho yake, kinywa, kama mtu anayesoma kibao cha mbali.  Ghafla nikakumbuka simu zote anazozikwepa, na namna anavyopenda umkalie mbele ndipo mzungumze.

Mama alifika jicho moja likiwa limefunikwa. Hakutusalimu vizuri. Alitaka kujua gari lilifanyaje, tangu mwanzo, na kaka akamweleza, kokoto, sufuria, chuma kwa chuma, mpaka mlimani. Mama akamsikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo mlisikia."

"Tulisikia, mama."

"Wote wawili. Na mkanyamaza." Akavuta pumzi. "Baba yenu hasikii. Mimi ndiye niliyekuwa namsikilizia. Likilia namgusa, likitulia namwacha. Nyinyi masikio mnayo, mlikuwa mnafanya nayo nini mle ndani?"

Kaka akaangalia viatu vyake. Niliona aibu mpaka nikatamani mama aendelee kutugombeza. Lakini baba alikuwa amesogea karibu, na alikuwa ameelewa kinachozungumzwa, labda kwa nyuso zetu.

"Msigombane," alisema, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. "Mwezi uliopita nilikuwa narudi nyuma pale kwa jirani. Mtoto wao alikuwa nyuma ya gari. Watu wamepiga kelele, mama yenu amepiga kelele, mimi sina habari. Mama yenu ndiye aliyevuta breki ya mkono. Niligeuka nikaona midomo ya watu iko wazi."

Mama akasema mtoto hakuguswa. Alilisema akiwa anamtazama baba, ili alione neno likitoka midomoni.

"Hakuguswa," baba akakubali. "Mimi nilikuja nyumbani nikala, nikalala. Kesho yake nikawasha tena."

Akatoa ufunguo akamnyooshea kaka. Kaka, ambaye alikuwa ameutafuta ufunguo ule kwa mwaka mzima, akarudi nyuma nusu hatua, akasema si lazima iwe leo, kwanza gari litengenezwe, halafu tutaona. Alikuwa analia. Baba alisubiri mpaka akachoka kusubiri, akautumbukiza ule ufunguo kwenye mfuko wa shati la kaka na kuupigapiga kwa nje. Kisha akamuuliza fundi kama gari litatengenezeka, na fundi akasogea mbele yake, akamjibu kwa kutikisa kichwa kwamba ndiyo.

Tukapanda gari la kukodi. Kaka mbele na dereva, sisi watatu nyuma, baba katikati. Mama hakumgusa goti, alikuwa amechoka, aliegemea kioo akasinzia. Dereva alikuwa msemaji, na kaka, nadhani kwa kutaka kujisahaulisha, akawa anamjibu, wakaongea habari za mvua, za barabara, za mtu fulani aliyeoa mara ya tatu, wakacheka. Baba aliangalia visogo vyao viwili kwa muda. Halafu akaniinamia.

"Wanasemaje?" akaniuliza.

Nikamwambia hamna kitu baba, ni stori tu.

Akanishika mkono akaukaza.

"Niambie yote," alisema. "Usinifupishie."