Ndoo ya Seremala

Mimi ni fundi bomba, na mikutano siipendi. Mtu mzima akiniambia "tukae tuongee biashara," najua siku yangu inakwenda kupotea hivi hivi. Lakini kikao chetu cha Jumanne asubuhi, kwenye chumba cha nyuma cha duka la rangi, sikikosi hata nikiwa na homa, kwa sababu pale hakuna hotuba. Tunakaa juu ya ndoo za rangi, tunakunywa chai ya Mama Rangi mwenye duka, na kila mtu anasema yuko kwenye nyumba gani na nyumba hiyo inahitaji fundi gani mwingine. Mimi huingia mapema, kuta zikiwa bado mbichi. Nikikaribia kumaliza namtaja fundi vigae, naye anamtaja mpaka rangi, na mpaka rangi anamtaja mwenye mapazia. Ndivyo tunavyokula.

Huyo mwenye mapazia ndiye ninayetaka kusimulia habari zake. Tunamwita Dada Pazia. Duka lake liko ghorofa ya pili, mwisho wa korido, ukishapita stoo ya mafagio. Hakuna mteja aliyewahi kufika pale kwa kupitapita, labda mtu anayetafuta choo. Ni mwanamke mwembamba mwenye sauti kubwa, futi kamba iko shingoni hata msibani, na akiingia nyumbani kwako kukusalimia ujue anaangalia madirisha kwanza. Ukimuuliza hali anasema nzuri, halafu anakwambia pindo lako la kushoto limeshuka.

Kabla hajaja kwetu alijaribu mambo ya wakubwa. Walimdanganya aende kwenye mkutano wa wajasiriamali hotelini, kila mtu kabandikwa jina kifuani, watu wanazunguka na glasi za juisi wanagawiana kadi. Alirudi na mkoba umejaa kadi mpaka haufungi. Nikamuuliza, "Enhe, umepata wateja?" Akasema, "Kaka, wote walikuwa wanauza. Mimi nimeshawishiwa bima mara nne na sina hata cha kukatia bima." Tulicheka mpaka nikamwaga chai. Lakini alikuwa maji ya shingo kweli, cherehani zimekaa zimefunikwa shuka. Jumanne iliyofuata nikamleta kwenye ndoo.

Kwetu sheria ni chache. Ya kwanza, kila fani ndoo moja, hatutaki mafundi bomba wawili wanaotazamana kama majogoo. Ya pili ndiyo nzito: ukimsemea mtu apewe kazi, kazi yake ikiharibika anayerudi kwa mteja ni wewe. Usilete habari za "mimi nilimtaja tu." Hapana. Ulifungua mdomo wako, basi nenda na mdomo huo huo ukaombe radhi na urekebishe.

Sasa ndoo ya seremala ilikuwa wazi, maana seremala wetu alihamia kwa watoto wake. Na Dada Pazia alikuwa na mdogo wake wa kiume, seremala.

Nikimtaja huyo kijana najisikia kukasirika na kucheka kwa pamoja. Jina lake mtaani ni Niko Njiani. Ukimpigia simu anasema, "Niko njiani, mzee wangu, nakaribia kabisa," na nyuma yake unasikia mswaki. Mama yao alifariki yeye akiwa bado mdogo wa kubebwa, dada ndiye aliyembeba, akamsomesha, akamnunulia msumeno wake wa kwanza kwa hela za mashuka ya watu. Anampenda mpaka inaudhi. Na kila akimwona anamgombeza. "Umeamka saa hizi? Shati gani hilo? Kazi ya jirani umemaliza?" Hata salamu hamna. Kijana anainamisha kichwa, "Ndiyo, dada," kisha anaondoka kama alivyokuja.

Dada Pazia alishamsemea mara moja, kwa mkunga mmoja aliyekuwa amehamia nyumba mpya. Niko Njiani akajenga kabati la ukutani, zuri kwelikweli, akabakiza milango tu, halafu akayeyuka. Wiki zikapita. Mkunga wa watu nguo zake zote zinaonekana na kila mgeni, mpaka zile ambazo mgeni hatakiwi kuziona. Dada Pazia akarudi, kama sheria inavyotaka. Alishona pazia la kabati, kitambaa chake, fimbo yake, akalitundika bila kuomba hata senti. Kijana alikuja baadaye akaweka milango, lakini mkunga alishachukia. Mwanamke anayeingia nyumba za wazazi wapya kila siku, mdomo wake ulikuwa dhahabu kwa biashara ya mapazia, na tangu hapo hakumtaja tena Dada Pazia popote. Mama Rangi alimwambia kavu kavu mbele yetu, "Mwanangu, nakupenda, lakini ukirudia tena hiyo ndoo yako nitampa mwingine." Na Dada Pazia akitoka kwetu amekwisha. Nani atapanda ghorofa ya pili?

Ndipo ikaja nyumba ya wageni.

Mama mmoja mjane alikuwa anaijenga, vyumba vingi, na mimi ndiye nilikuwa kwenye mabomba. Alihitaji seremala wa makabati na fimbo za mapazia, na alisema yeyote tutakayempa ndoo ndiye atakayempa kazi. Waliokuwa wanaitaka ni wawili. Mmoja ni Mzee Randa, karakana kubwa, sauti kama mashine yake ya kupasulia mbao, mtu asiyetabasamu hata kwenye picha. Yeye hakuwa na wa kumsemea kwa sababu amegombana na nusu ya mji. Wa pili ni Niko Njiani. Kijana alikuwa ameshaanza kuuza vifaa vyake. Alimwambia dada yake hii ikishindikana anaacha useremala, anakwenda kulinda maghala. Dada Pazia akamwahidi, "Nitasimama. Nitakusemea."

Jumanne hiyo kijana alifika mapema kutushinda sote. Shati limepigwa pasi mpaka linasimama lenyewe, na mimi nilijua ni pasi ya dada yake. Mzee Randa alisimama mlangoni amekunja mikono. Na mjane mwenyewe alikuja, jambo ambalo hatukulitegemea. Akakaa kwenye ndoo kama sisi, mkoba magotini, akasema kwa upole, "Wanangu, ile nyumba ni mafao ya marehemu mume wangu. Nikikosea hapo sina pa kuanzia tena. Naomba mnipe mtu ambaye nyinyi wenyewe mngempa mama yenu."

Nilimtazama Dada Pazia. Alikuwa anakunja futi kamba yake, anaikunjua, anaikunja. Mama Rangi akauliza, "Nani anamsemea nani?"

Akasimama. Kijana akajiweka sawa, akavuta shati.

"Huyu ni mdogo wangu," alisema akimtazama mjane, na sauti yake kubwa yote ilikuwa imekwenda. "Mimi ndiye niliyemlea. Mama, sitakudanganya. Anaanza kazi na hamalizi. Akikwambia yuko njiani, hajaamka. Ndoo mpeni Mzee Randa. Yeye ndiye namsemea mimi, na akiharibu nitarudi mimi."

Kuna mjinga mmoja alicheka pale aliposikia "hajaamka." Sitaki kumtaja, ila anapaka rangi. Kijana aliinuka. Hakubamiza mlango, alipita tu katikati ya ndoo zetu na shati lake zuri, akatoka. Jamani, nimeona mabomba yakipasuka na nyumba zikifurika, sijapata kuona kitu kilichoniuma kama mgongo ule.

Dada Pazia alibaki amesimama. Mama Rangi akamwambia, "Kaa, mwanangu."

"Sijamaliza," akasema. Machozi yalikuwa yanashuka na hakuyafuta. "Sasa mnisikilize na hili. Mikono kama ya mdogo wangu, hapa mjini hakuna. Mzee Randa, naomba radhi, hata wewe humfikii. Nendeni kwa mkunga, fungeni ile milango ya kabati, halafu mpitishe karatasi katikati. Haipiti. Anaogopa kumaliza, sijui kwa nini, labda anaona kazi ikiisha watu watamgombeza. Lakini akipata mtu wa kusimama pembeni yake mpaka msumari wa mwisho, atawatolea kitu ambacho hamjakiona. Basi. Ndiyo hivyo."

Akakaa. Ndoo tukampa Mzee Randa, naye alitazama sakafu, akakohoa, akaondoka bila hata kushukuru. Nikasema moyoni, lo, Dada Pazia kamtupa ndugu yake kwa ajili ya gogo.

Siku zilizofuata nilipanda mara mbili tatu ile ghorofa kumjulia hali. Alikuwa anashona mapazia ya nyumba ya wageni, maana mjane alimpa kazi palepale bila kusita. Kazi kubwa kuliko zote alizowahi kupata, na anashona kama anashona sanda. Kijana hapokei simu. Kwa mkewe ukiuliza, katoka. "Kaka, nimemvua nguo mdogo wangu mbele za watu," aliniambia. Nikamwambia aache upuuzi, amesema kweli. Akanijibu, "Kweli ningemwambia yeye nyumbani. Ningemwambia tangu zamani." Nikajifanya naangalia bomba la sinki lake, ambalo halikuwa na tatizo lolote.

Siku ya kutundika mapazia mimi nilikuwa kwenye bafu la chumba cha kwanza, nimelala chini ya sinki nafunga koki. Mlango wa bafu ulikuwa wazi. Nikamwona Dada Pazia anaingia na mzigo wa mapazia mabegani, haoni mbele. Akautua kitandani. Akageuka, akaliona kabati.

Akaenda akafungua mlango wake, akaufunga. Akapitisha kucha kwenye mwanya. Akaufungua tena, akapitisha kiganja kwenye ukingo wa ndani, kule ambako mafundi wengi hawapigi msasa kwa kuwa hakuna anayepaona. Nikaona mabega yake yanapanda na kushuka.

"Limekaa vizuri?" mtu akauliza.

Niko Njiani alikuwa kwenye ngazi nyuma ya mlango wa chumba, hata mimi sikujua yumo, bisibisi mkononi, anakaza fimbo ya pazia. Vumbi la mbao mpaka kwenye kope. Dada Pazia alishtuka akashika kifua.

"Umefika saa ngapi wewe?" Ndiyo kitu cha kwanza kilichomtoka. Mazoea mabaya hayo.

"Saa kumi na mbili," akasema kijana. "Mzee Randa ananifuata kila siku. Anasimamisha gari mlangoni kwangu anapiga honi mpaka majirani wanatukana. Siku ile ile ya kikao alikuja. Akaniambia, dada yako kanivunjia heshima, kasema mikono yako inanipita. Njoo karakanani nione kama ni mwongo." Akashuka ngazi, akafuta mikono kwenye suruali. "Nikadhani ananitania. Nikamwambia dada hawezi kusema hivyo. Wenzako wa kwenye ndoo wakaniapia. Kweli ulisema hivyo?"

"Nilisema. Ulikuwa umeshatoka."

Kijana alitikisa kichwa, akaangalia bisibisi yake, akaigeuza geuza.

"Uliwaambia wote, dada. Hata mpaka rangi anajua. Miaka yote hii, mbona mimi hujawahi kuniambia?"

Yule mwanamke ana maneno. Anaweza kumuuzia pazia mtu asiye na dirisha. Lakini pale yalimtoka mawili tu.

"Nilidhani unajua," akasema.

"Ningejuaje?"

Basi akamwendea. Akaishika ile mikono yote miwili, na gundi yake na vumbi lake, akaitazama kama anavyotazama kitambaa kabla ya kukata. "Mikono yako ni mizuri," akamwambia. "Nakwambia wewe sasa. Mizuri sana, mdogo wangu."

Mimi nikafungua koki mpaka mwisho, maji yapige kelele, maana mzee mzima kukutwa analia chini ya sinki ni aibu.